Chasu na Watoto Wetu



Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Shigatini mwaka 1900, iliwapasa kujifunza Chasu kwa Wapare. Leo, hapa milimani na kule Same mjini, bibi humsemesha mjukuu kwa Chasu, naye hujibu kwa Kiswahili. Tusiilaumu shule, Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho cha kufundishia shule za msingi za serikali, kimetuunganisha. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza wananchi wazitumie lugha zao za asili. Nani atakifundisha Chasu kama si nyumba zetu?

Wazee walikuwa na shule zao: jikoni kwa bibi na, kwa vijana, mshitu. Si yote ya mshitu ningependa yarudi. Lakini humo kijana alifundishwa na wakubwa wake kwa lugha yake.

Basi naomba, siku ya msaragambo wa kutoa tope ndivani, watoto waende pamoja na wazee, na isisemwe lugha nyingine ila Chasu. Mtoto ashike jembe, aulize jina la kila kitu. Nanyi wazazi mliokulia mijini njoni. Huenda mkajifunza mengi kuliko watoto wenu.