Praima na Rangi kwa Mashine Kuukuu za Karakana Yetu

(Mazungumzo katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Chama chetu kimekwisha kubali kufufua mashine mbili za karakana ya shule: ile ya kukereza ya Colchester, iliyotoka Uingereza katika miaka ya 1950, na ile ya kutobolea iliyo kando yake. Gia zimekaguliwa na ni nzima. Limebaki suala la rangi, na wengi wenu mmeniuliza tununue ipi.

Kazi ya rangi ya mashine ni kulinda chuma. Uzuri ni nyongeza. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi iliyopakwa juu ya kutu na mafuta itang'aa siku ya sherehe, kisha itabanduka kama magamba ya samaki.

Jambo la kwanza, basi, ni rangi kuukuu iliyopo. Rangi nyingi za viwandani za zama zile zilitiwa risasi. Marekani ilikataza rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, lakini iliyopakwa zamani ingali juu ya chuma. Vumbi lake likivutwa puani au likiliwa kwa mikono michafu, huingia katika damu na kudhuru ubongo, hasa wa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu kilicho salama. Kwa hiyo rangi hiyo isikwanguliwe kavu wala isichomwe moto. Itumike msasa wa maji, uchafu ukusanywe ukiwa umelowa, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani.

Jambo la pili ni mafuta. Mashine hizi zimesubiwa kwa chuma chenye vitundu vidogo vidogo, navyo vimenyonya mafuta kwa miaka mingi. Mafuta ya taa huondoa uchafu mzito, lakini huacha utando wake. Malizia kwa kitambaa safi chenye thina, ukikibadilisha mpaka kisitoke na weusi. Kisha paka praima siku hiyo hiyo, maana chuma kitupu kikilala katika hewa yenye unyevu huamka na kutu.

Sasa praima yenyewe. Praima ya epoksi ya makopo mawili hushika chuma kuliko zote, lakini kigumishi chake huweza kuwasha ngozi na kuleta mzio. Rangi za poliyurethani za makopo mawili ni ngumu na hustahimili mafuta, lakini zikipulizwa hutoa isosayaneti, ambayo huweza kumtia mtu pumu ya maisha. Hizo tuwaachie wenye vyumba maalumu na vifaa vya kupumulia. Kwa shule nashauri praima ya mafuta yenye fosfeti ya zinki, isiyo na risasi, na juu yake rangi ya mafuta ya kung'aa ya kiwanda hicho hicho. Vyote hupakwa kwa brashi. Mtu asije akapuliza rangi ya magari juu ya rangi ya mafuta: thina yake kali huikunja ya chini.

Praima ile nyekundu ya madukani nayo msiidharau wala msiiogope kwa wekundu wake. Kwa kawaida wekundu huo ni oksaidi ya chuma. Hata hivyo, someni kopo kuhakikisha haina risasi. Tena praima si rangi ya mwisho: ikiachwa wazi hupitisha unyevu. Mikono miwili myembamba ya rangi ni bora kuliko mmoja mzito, na muda wa kungoja ni ule ulioandikwa kwenye kopo.

Nachagua kijivu chepesi, kwa sababu huonyesha upesi mahali mafuta yanapovuja. Reli za kitanda, vipimo, matundu ya mafuta na kibao chenye namba ya mashine zisiguswe na rangi. Zifunikwe kwa utepe wa karatasi.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Vijana hawa wana hamu ya kufanya kazi yote, nami nawasifu. Lakini kubandua rangi kuukuu kuwe kazi yetu sisi watu wazima, tena wakati wa likizo, karakana ikiwa imefungwa. Tukiisha kuisafisha kwa maji, vijana waje na brashi zao, waipake ile mpya. Nahitaji watu sita. Katibu anapokea majina kabla ya chakula. Langu limekwisha andikwa.