Udongo wa Kisima Unasema Nini?

Ndugu wanakisomo, wengi wetu tumewahi kuchimba kisima. Juu tunakuta udongo mweusi, chini mfinyanzi, kisha mchanga na kokoto, mwisho sururu inagonga mwamba. Je, matabaka hayo yametoka wapi?

Tutazame bonde la Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma. Zamani sana ardhi pale ilipasuka, upande mmoja ukadidimia. Mito ikaanza kulijaza shimo lile. Maji yenye nguvu yalileta kokoto na mchanga. Maji yaliyotulia yaliacha mfinyanzi. Ni kama mtama kwenye debe: uliotangulia kumiminwa uko chini.

Mchanga huo, pamoja na mwamba uliopasuka chini yake, ndio ghala la maji. Mji wa Dodoma umeyanywa tangu miaka ya 1950. Lakini ghala halijai kila mwaka! Vipimo vya miaka 55 vimeonyesha kuwa linajazwa na mvua kubwa za miaka michache tu, hasa ile ya 1997/98.

Basi tukichimba, tusichanganye udongo. Kila aina tuipe rundo lake, na mwenye daftari aandike imetoka futi ya ngapi. Tukikuta mfinyanzi mkavu tusikimbilie kuhama. Huenda mchanga wenye maji uko chini yake.