Umri wa Bembea Si Kosa, Kosa ni Kutoichunguza

Hotuba ya afisa wa usalama wa umma wa kaunti kwa wenye viwanja vya burudani, mafundi na wazazi, kabla ya msimu wa likizo

 

Nimeombwa niseme juu ya bembea za mashine: magurudumu makubwa, viti vya minyororo, vitreni vya watoto na farasi wa kuzunguka. Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la burudani za umma. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe mitambo yake ni salama. Kwa hivyo kazi hii ni yetu sote, ofisi na wenye mashine.

Baadhi ya bembea zetu zilinunuliwa zikiwa tayari zimetumika. Najua kuna wenye mashine waliokuja hapa leo wakiogopa kwamba nitasema kila mashine kuukuu ifungwe. Sitasema hivyo. Kule Vienna, Austria, kuna gurudumu kubwa lililojengwa mwaka 1897, na mpaka leo watu wanalipanda. Liliungua wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na lilipojengwa tena vibanda vyake vilipunguzwa kutoka 30 hadi 15 ili lisibebe mzigo mkubwa kama zamani. Mashine hudumu ikiwa wenyewe wanajua hali yake na wanakubali kuipunguzia kazi inapobidi.

Sasa niwape mfano wa upande wa pili. Tarehe 26 Julai 2017, katika maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mkono wa bembea moja ulikatika ikiwa hewani. Mtu 1 alifariki papo hapo na wengine 7 wakajeruhiwa. Mashine hiyo ilikuwa na umri wa miaka 18, na ilikuwa imekaguliwa na kupewa kibali. Watengenezaji walipochunguza waligundua kwamba kutu ilikuwa imekula chuma kutoka ndani, miaka nenda miaka rudi, hadi ukuta wake ukawa mwembamba. Anayetazama nje haoni kutu iliyo ndani.

Ndugu zangu, hewa ya bahari mnaijua. Mabati yetu yanaoza, baiskeli zetu zinaoza. Bomba la chuma la bembea likiingia maji ya mvua na chumvi, na lisiwe na pa kutolea maji hayo, linaoza vilevile. Tunachofanya wengi wetu likizo ikikaribia ni kununua rangi. Rangi ni nzuri, lakini ukipaka juu ya kutu au juu ya ufa, umemficha adui wako mwenyewe. Kwanza kwangua, kisha chunguza, halafu upake.

Adui wa pili ni kuchoka kwa chuma. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza hauna neno. Ukiendelea, unakatika mkononi. Chuma cha bembea nacho hukunjika kidogo sana kila mzunguko, jicho lisione. Ufa huanza pale palipochomelewa, kwenye tundu la bolti au kwenye kona. Vipo vipimo vya kuuona mapema. Fundi hupaka dawa ya rangi inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha, au hutumia kipimo cha mawimbi ya sauti kujua unene wa chuma bila kukikata, kama vile daktari anavyompima mama mjamzito. Sehemu zinazobeba watu zipimwe hivyo na mhandisi mwenye ujuzi, angalau mara moja kwa mwaka.

Jambo la tatu ni kiti na mtu anayekikalia. Hapa hata mashine mpya inaweza kuua. Mwezi Machi 2022, kule Orlando, Marekani, kijana wa miaka 14 alianguka kutoka kwenye mnara wa kudondosha abiria ambao ulikuwa haujamaliza hata miezi sita tangu ufunguliwe. Kijana huyo alikuwa na mwili mkubwa. Wachunguzi walikuta kwamba kitambuzi cha kiti chake kilikuwa kimelegezwa kwa mkono, kikakubali kwamba chuma cha kumzuia kimefunga ilhali nafasi iliyobaki ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida. Taa ya kuruhusu ikawaka, na mashine ikaenda.

Msidhani hayo ni ya mbali. Mwaka jana nilisimama kwenye uwanja mmoja nikamwona baba mnene ameketi na binti yake wa kama miaka sita, wote wawili chini ya chuma kimoja cha kuzuia. Chuma kiliteremka kikagota kwenye mapaja ya baba. Kati ya chuma hicho na mtoto palikuwa na nafasi ya kupitisha mtungi. Kijana wa swichi alikivuta chuma, akakiona kimekaza, akaridhika. Kilimkaza baba tu. Nilimwomba asimamishe, na yule baba akanikasirikia mbele ya watu. Nilivumilia.

Viti vya namna hiyo vinaweza kurekebishwa, kila abiria apate chuma chake au mshipi wake. Lakini marekebisho yafuate michoro ya watengenezaji, au yaidhinishwe na mhandisi. Fundi wetu wa kuchomelea ni hodari, ila asikisie. Ukiongeza chuma umeongeza uzito. Ukiweka mota yenye nguvu zaidi umeongeza mwendo. Na vyote hivyo vinabebwa na nguzo ileile ya zamani. Mpaka kiti kirekebishwe, mtoto mdogo asichanganywe na mtu mzima chini ya chuma kimoja.

Wekeni pia kijiti cha kupimia urefu langoni, si karibu na kiti. Mtoto akikataliwa kabla ya kulipa hulia kidogo. Akikataliwa baada ya kupanga foleni nusu saa, mzazi huanza kubembeleza na kijana wa swichi hulegea. Kwa watu wenye miili mikubwa, wekeni kiti kimoja cha kujaribia kando, mtu ajipime mwenyewe kwa heshima yake.

Sasa yale tunayowaomba. Kila mashine iwe na daftari lake: ilitoka wapi, imefungwa na kufunguliwa lini, imehifadhiwa wapi, nini kimebadilishwa, na nani aliyebadilisha. Kule Ohio, baada ya ajali ile, kumbukumbu za namna hii ziliwekwa katika sheria. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, kagueni bolti, pini, minyororo, mishipi na breki, kisha endesheni mashine ikiwa tupu huku mkisikiliza. Fundi mzuri huijua beringi mbovu kwa sauti. Bolti ikibadilishwa, iwekwe ya nguvu ileile iliyoandikwa na watengenezaji, si yoyote inayoingia kwenye tundu. Na unapokuja kufanya upya leseni, njoo na daftari hilo na ripoti ya mhandisi.

Mwenye mashine mmoja aliniambia, "Afisa, siku ya sikukuu moja inanilipia karo ya muhula. Nikifunga siku hiyo, nitakula nini?" Ni swali la haki, na sikumcheka. Nilimjibu kwamba ndiyo maana tunakutana leo, majuma kadhaa kabla ya likizo, ili ufa uonekane sasa, palipo na muda wa kuutengeneza. Ukionekana asubuhi ya sikukuu, itabidi ufunge tu, na ofisi yangu itakuunga mkono mbele ya umati wenye hasira.

Neno la mwisho ni kwenu vijana wa swichi. Mnalipwa kidogo na mnasukumwa mharakishe foleni. Lakini ninyi ndio mnaokiona kiti cha mwisho kabla ya mashine kuondoka. Ukiwa na shaka, zima. Wenye mashine, naomba mwahidi hapa, mbele ya wazazi hawa, kwamba hakuna kijana atakayefutwa kazi kwa sababu alizima.

 Tuanze maswali.