Maji Yaliyotuama Mashambani: Gharama na Faida ya Kuyatoa

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kutaja mema ya miaka hii kumi: ghala, mizani, na mikopo ya mbolea. Ofisi ya Katibu imepewa jambo lisilopendeza sana siku ya sherehe, nalo ni matope.

Tangu masika ya 2024, ambayo hakuna aliyeyasahau hapa, tumepokea maombi mengi ya mkopo wa mabomba ya kuzikwa ardhini ili yatoe maji shambani. Wanachama wamesikia habari zake, wengine wameona picha, na kila mmoja ataka lake. Halmashauri ikatuagiza tupige hesabu kabla ya kutoa hata shilingi moja. Hesabu yenyewe ndiyo hii.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya hasara. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari moja, humwaga maji kiasi cha lita 200,000, yaani mapipa 1,000 ya lita 200. Ardhi yenye afya hunywa sehemu yake na kuiacha iliyosalia ishuke. Lakini pale maji yasipopata njia, hujaza kila kitundu cha udongo ambamo hewa ilikuwamo, na mizizi hukosa pumzi. Muwa au mhindi huanza kugeuka manjano, na mwenye shamba hukimbilia mbolea. Sisi wenyewe tumewahi kumkopesha mtu mbolea ya namna hiyo, na twakiri kwamba ilikuwa fedha ya kutupa, kwa maana katika udongo uliolowa naitrojeni hugeuka hewa ikapotea. Tena mizizi iliyokulia katika maji ya juu haiendi chini. Kiangazi kikija, shamba lililozama masika ndilo hulia kiu mbele ya mengine. Na miwa iliyochomwa huku lori limekwama njiani hupoteza sukari kila siku ipitayo. Hayo hatuna haja ya kuwaeleza.

Dawa ya mabomba si jambo geni duniani. Katika miaka ya 1830 mkulima mmoja aliyetoka Scotland, John Johnston, alianza kuzika vigae vya udongo wa kuchomwa katika shamba lake karibu na Geneva, katika jimbo la New York, nchini Marekani. Majirani walimcheka, ati anazika vyungu. Hakuacha, na mwisho alikuwa amezika maili 72 za vigae katika ekari 320. Vigae vile vilipangwa kichwa kwa kichwa, na maji yakaingia katika nafasi ndogo za viungo. Siku hizi ni mabomba ya plastiki yenye mikunjo na vitundu vidogo. Nasi tuwaondolee hofu wale wanaodhani kwamba bomba hunyonya ardhi mpaka ikakauka. Bomba halinyonyi kitu. Hupokea yale maji yaliyozidi tu, na unyevu ulioshikwa na udongo hubaki palepale kwa ajili ya mmea.

Sasa gharama. Mabomba yakipangwa kwa nafasi ya mita 20, ekari moja yataka mita 200 hivi. Lakini mfinyanzi mzito wa sehemu kubwa ya bonde letu hupitisha maji polepole mno, na nafasi hiyo haina budi kupunguzwa hadi mita 10, pengine chini yake. Hapo mita 200 zimekuwa 400. Mtaro wa kina cha mita 1 na upana wa sentimita 40 utatoa mita za ujazo 160 za udongo, na mchimbaji hodari hutoa mita 2 au 3 kwa siku. Basi ni siku za kazi zisizopungua 50 kwa ekari moja tu, kabla hamjanunua bomba, changarawe, wala kulipa gari. Mwenye ekari 4 akikopa kwa ajili ya hayo yote, atalipa kwa misimu mingi, na msimu mmoja mbaya utamkuta katikati ya deni.

Mitaro ya wazi huonekana kuwa ya bure. Siyo. Mtaro wa kina cha mita 1, wenye sakafu ya nusu mita na kuta zilizolazwa ili zisiporomoke, una upana wa mita 2 na nusu kwa juu. Ukichimba mmoja kila baada ya mita 20, umetoa sehemu moja katika nane ya shamba lako. Mwenye ekari 4 amepoteza nusu ekari, na bado ataka madaraja ya trekta na palizi ya magugu kila mwaka.

Kwa hiyo, kwa mfinyanzi wetu, twaonelea kwamba njia ya kuanzia ni ya tatu: kulima matuta mapana yenye mgongo katikati, na kati yao vijifereji vifupi vya kina, vyote vikishuka kuelekea upande mmoja. Gharama yake aghalabu ni ile ya kulima, ambayo mngeitoa hata hivyo. Mabomba tuyaweke akiba kwa zile sehemu chache ambapo maji huchemka kutoka chini mwezi mzima baada ya mvua.

Hata hivyo, si matuta wala mabomba yenye faida ikiwa maji hayana pa kwenda. Jambo hili tulijifunza kwa aibu. Katika shamba la mfano la Chama tulichimba mitaro mizuri, tukaalika wageni, na mvua ya kwanza ikaondoka kwa siku moja. Tulifurahi sana. Siku ya tatu mama mmoja wa bondeni alifika ofisini na kikapu cha miche ya mpunga iliyooza, akakiweka mezani pasipo kusema neno. Maji yetu yalikuwa yamelala shambani kwake. Tulimlipa mbegu na gharama za kulima upya, na ilikuwa haki yake. Maji hufuata mkondo, na sisi tulikuwa tumesahau kuuliza mkondo huo ni wa nani.

Wenzetu wa nchi nyingine walikutana na shida hiyohiyo. Katika jimbo la Iowa, wenye mashamba huungana katika wilaya za mifereji, wakachimba njia moja ya kutolea maji, na kila mmoja hulipa kadiri ya faida aipatayo. Huko Misri, ambako wakulima wengi ni wadogo kama sisi, Serikali imezika mabomba chini ya mamilioni ya ekari tangu 1970, hasa kwa ajili ya kuzuia chumvi, na wakulima hurudisha gharama ya mabomba ya shambani kwa miaka 20 bila riba. Katika nchi hizo mbili mkulima mmoja hakuachiwa mzigo huo peke yake.

Tena tusidhani kwamba maji yakitoka kwetu yamekwisha. Mwaka 2015 shirika la maji la mji wa Des Moines lilizishtaki wilaya za mifereji za kaunti tatu za Iowa, kwa sababu ya naitreti iliyotoka mashambani hadi mto ambao mji hunywa. Kesi ilitupwa mwaka 2017. Naitreti haikutupwa pamoja nayo. Maji yetu huenda Mto Kilombero, ambao tambarare yake imekuwa katika orodha ya ardhi oevu za Ramsar tangu 2002, kisha hushuka Rufiji. Mbolea mtakayoitia mtaroni, mtu wa huko ataionja. Kwa hiyo twaomba nyasi ziachwe kando ya kila mtaro, na mbolea itiwe kidogokidogo, isitiwe yote mara moja.

Mpango ulio mbele ya Mkutano huu ni mfereji mkuu mmoja, wenye mteremko usiopungua sentimita 10 kwa kila mita 100, utakaopita kando ya mashamba ya mpunga pasipo kuyaingia. Utakatwa katika ardhi ya wanachama 23. Hao watapoteza ukanda wa ardhi ili wengine wapone, na Halmashauri yapendekeza walipwe fidia kutokana na mchango wa wote watakaofaidika, kwa kadiri ya ekari. Msipokubali mchango huo, hatutathubutu kuwaomba ardhi yao, na maombi ya mabomba yaliyoko ofisini yatarudishwa kwa wenyewe.

Ramani imebandikwa ukutani, karibu na meza ya Mhasibu. Wale 23 tafadhali wabaki baada ya chakula, pamoja na yule mama wa mpunga ambaye amekubali kutuonyesha mahali maji yalipopita, ili tupange siku ya kupima kabla ya mvua za vuli.