Samaki Akaushwe kwa Kipimo, Si kwa Macho

Maelezo yaliyotolewa kwa wauza samaki na wakaushaji wa samaki kwa moshi, Msambweni

Sina hotuba ndefu. Nimekuja na waya, betri na samaki mmoja.

Nianze na aibu yangu. Nilipoanza kazi hii ya tanuri la moshi nilitoa changu waliong'aa kama dhahabu, nikawauza Ukunda. Kesho yake mama mmoja akanirudishia wake, amempasua mgongo: karibu na mfupa nyama ingali mbichi, na damu ipo. Nilimrudishia pesa zake, lakini waliokuwa wakisikiliza pale sokoni sikuwaona tena. Tangu siku hiyo siamini rangi. Moshi hupaka ngozi upesi. Joto hufika mfupani polepole.

Wakaguzi wa chakula wa Marekani hutaka samaki wa moshi afike karibu nyuzijoto 63 katikati ya nyama, akae hapo dakika 30. Hilo halipimwi kwa kiganja, hata kama bibi zetu walikuwa na viganja vya ajabu.

Kifaa chenyewe ni hiki. Kihisi joto kinaitwa DS18B20. Nunueni kile kilichofunikwa kwa chuma cha pua. Hupima mpaka nyuzi 125, basi kisiguse ndimi za moto. Kina nyaya tatu: ya umeme, ya kurudisha umeme na ya kupeleka habari. Kati ya ya umeme na ya habari huwekwa rezista ya kiloohm 4.7, mkiisahau, namba haziaminiki. Nyaya huingia kwenye Arduino, na Arduino huonyesha namba kwenye kioo kidogo. Pawabenki ya simu inatosha kuiendesha. Programu yake hupatikana bure kwenye intaneti, na kijana aliyesomea umeme ataipakia mara moja.

Mnaweza kuunga vihisi viwili kwenye nyaya zilezile, kwa kuwa kila kimoja kina namba yake ya kiwandani. Kimoja kichomekeni kwenye nyama nene ya samaki mkubwa kuliko wote, nyuma ya kichwa, bila kugusa mfupa. Cha pili kining'inie hewani ndani ya tanuri. Waya utoke kwenye tundu la pembeni, mbali na makaa, maana ngozi yake ya plastiki huyeyuka. Mimi nimeunguza miwili.

Asiyetaka usumbufu huu anunue kipimajoto cha sindano cha jikoni. Sigombani naye. Ila kila akitaka kusoma itambidi afunue tanuri, joto litoke, aongeze kuni. Na kuni zetu, hasa mkoko, si za kuchezea.

Jambo moja kifaa hiki hakiliwezi. Jodari, nguru na vibua wakilala juani, hujitengenezea sumu ya histamini, na moto hauiondoi. Mla samaki huyo huwashwa, huiva uso, kichwa humgonga. Kwa hiyo barafu ianze chomboni. Samaki aliyeharibika akipita kwenye tanuri hutoka ameharibika vilevile, ila ananukia vizuri.

Kabla ya kuanza kazi, jaribuni kihisi. Kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa kisome karibu 0. Kwenye maji yanayochemka hapa pwani kisome karibu 100. Kule Kwale mjini, kwa sababu ya mwinuko, ni kama nyuzi 1 chini. Kikikosea kwa nyuzi 3, andikeni tofauti hiyo ukutani mwa tanuri muihesabu kila siku.

Sufuria imeanza kuchemka. Mama ulioketi karibu na jiko, hebu tusomee: kioo kinasema ngapi?