Mwombaji Naye Anastahili Jibu

Ndugu msikilizaji, mwaka juzi niliomba kazi ya ofisa habari katika shirika moja hapa Dar es Salaam. Nilipeleka barua, maelezo yangu binafsi na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri na wakili. Baada ya majuma sita nikaitwa kwenye mtihani wa kuandika. Tulikuwa watu wapatao mia mbili, nafasi moja. Tuliopita tukaitwa kwenye mtihani wa vitendo, kisha mahojiano mbele ya watu watano, kisha mahojiano mengine mbele ya mkurugenzi. Wadhamini wangu wakapigiwa simu. Miezi mitano ikawa imekwisha. Halafu kimya, mpaka leo hii.

Mimi nilikuwa na mshahara wangu, niliweza kungoja. Lakini katika mtihani ule niliketi karibu na kijana aliyetoka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Alifikia kwa shangazi yake Mbagala. Alipopita hatua ya kwanza alirudi kwao, akaitwa tena, akaja tena. Safari ya tatu aliniambia kwamba nauli ameipata baada ya mama yake kuuza magunia mawili ya mahindi, nayo yalikuwa mahindi ya kula.

Msikilizaji, mimi siupingi mchujo. Wanaotafuta kazi ni wengi. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Kwa umati wa namna hiyo utafanyaje bila mtihani? Tena mtihani ni afadhali mara mia kuliko kimemo cha mjomba.

Ninachosema ni kwamba gharama yote anabeba yule asiye na kitu. Hata matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humwambia msailiwa ajitegemee kwa chakula, usafiri na malazi. Kwa hiyo kila hatua inayoongezwa ofisini, huko nyumbani ni nauli nyingine ya kutafuta.

Sasa nisiwanyoshee wengine kidole tu. Miaka michache kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikaa upande wa pili wa meza. Kituo chetu kilikuwa kinatafuta mtangazaji, nikawa mmoja wa wasaili. Tuliwahoji sita, tukachukua mmoja, tukafunga faili. Wale watano hakuna aliyewaandikia hata mstari.

Miezi minne baadaye nikiwa Kariakoo, binti mmoja akanisimamisha. "Shikamoo kaka," akasema. "Yale majibu yetu bado?" Kwanza sikumkumbuka. Nilipomkumbuka nikakosa la kusema. Akanieleza kuwa alipata kazi ya muda ya kufundisha chekechea, akaikataa, maana alihofia tutamwita akiwa hayupo. Ilibidi nimwambie pale pale, katikati ya watu na mikokoteni, kwamba nafasi ilikwisha kujazwa zamani. Akanishukuru. Shukrani ile inaniuma hadi leo.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Ni kweli, lakini anayesubiri lazima ajue anasubiri nini.

Basi nawaomba waajiri mambo matatu. Mosi, tangazo liseme tangu mwanzo hatua ni ngapi na zitakwisha lini. Pili, wanaotoka mbali wapangiwe hatua mbili kwa safari moja, inapowezekana. Tatu, kila aliyeitwa kwenye usaili apewe jibu, hata kama ni hapana. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Neno "hapana" linauma siku mbili tatu, kisha mtu anafunga mzigo wake na kutafuta pengine. Kimya humfunga mahali pamoja.

Kituoni kwetu tumeanza kufanya hivyo. Tumechelewa, lakini tumeanza.

Kwa juma hili naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.