Maji Machafu na Maji ya Mvua



Kiwandani mna mitaro miwili. Maji machafu ya mashini lazima yasafishwe kwanza. Maji ya mvua huenda moja kwa moja mtoni. Msimamizi akikuambia, "Mvua inanyesha, fungulia yote," ataka mvua imfichie uchafu wake.

Kanuni za serikali za mwaka 2006 zilikataza kumwaga maji ya kiwanda mtoni bila leseni, na takataka zinazoelea ndani yake zisizidi miligramu 30 kwa kila lita.

Mto Ngong hupita Industrial Area, kisha Mukuru, wanakocheza watoto wetu. Basi usifungue. Mwite mwakilishi wa chama, msimamizi aandike amri yake. Akiogopa kuandika, ajua ni kosa.